Maswali ya Wasomaji: Gari la Kwanza la Magurudumu Sita la Nchi Kavu na Majini

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Msomaji ameliona gari dogo la magurudumu sita, lile linalopita matopeni na kuelea majini. Limeshatumika, mwenyewe anataka kuliuza, na mnunuzi hajui aanzie wapi kulikagua. Tumezikusanya barua hizo hapa. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Swali: Nimeoneshwa gari la magurudumu sita ambalo injini yake inawaka kwa mguso mmoja na bodi inang'aa. Je, nilipie?

Usilipie kwanza. Injini ndiyo inayomvutia kila mnunuzi, lakini katika magari haya ndiyo sehemu rahisi kuibadilisha. Mara nyingi ni injini ndogo ya kazi za kawaida, Briggs & Stratton, Kohler au Kawasaki, iliyofungwa kwa bolti chache, na fundi wa jenereta anaifahamu. Kinachomaliza fedha kiko chini ya sakafu: ekseli, beringi, cheni, giaboksi na chesisi. Gari lenye injini mbovu na sehemu za chini nzima ni biashara nzuri kuliko gari linalonguruma vizuri huku chini kumekwisha.

Nenda na jeki, vipande viwili vya mbao imara, tochi, tepu ya kupimia, chaki, bisibisi ndefu na nguo usiyoionea huruma. Mwambie muuzaji aondoe viti na mbao za sakafu. Akikataa, aga uondoke, hata kama bei ni nzuri kiasi gani.

Sakafu ikiwa wazi, mulika kuta za ndani za bodi. Maji yaliyowahi kutuama huacha mstari wa tope. Mstari huo ukiwa juu ya usawa wa ekseli, jua kwamba beringi zimelala majini, na huenda giaboksi pia. Chomoa kipimo cha oili ya giaboksi: oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji. Kisha chukua bisibisi uchokonoe vyuma vya chesisi vilivyo chini kabisa, hasa pembeni ambako tope hukauka na kubaki. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hubonyea au hutoboka. Kagua pia maungio ya kuchomelea yaliyo karibu na vishikio vya ekseli, maana ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaopenya rangi. Uliza kama gari limewahi kuingia maji ya chumvi. Likiwa limeingia, ongeza muda wa kuchokonoa.

Sasa inua upande mmoja kwa jeki mpaka magurudumu matatu yaning'inie, uweke mbao chini ya chesisi. Usiliache gari juu ya jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta, huku mwenzako akimulika ndani mahali ekseli inapopita kwenye beringi. Hapa ndipo macho yanapohitajika. Ekseli ikicheza pamoja na ringi ya ndani ya beringi, beringi imelika, na hiyo inabadilishwa bila shida kubwa. Lakini ringi ikitulia na ekseli ikacheza ndani yake, ekseli yenyewe imelika. Kilichotokea ni kwamba skrubu za kubana ringi zililegea, ekseli ikawa inazunguka ndani ya ringi na kujikata taratibu mpaka ikaweka mfereji. Mara nyingi utaona unga mwekundu wa kutu umezunguka mahali hapo. Ukiweka beringi mpya juu ya ekseli ya namna hiyo, baada ya muda mfupi utarudi palepale.

Kwa kawaida gari hili lina nusu-ekseli sita, na kila moja ina beringi mbili, ya ndani na ya nje. Hizo ni beringi 12 na zote zina umri mmoja. Ukikuta mbili zimekufa, piga hesabu ya 12.

Kabla hujashusha, zungusha magurudumu kwa mkono na usogeze chaki karibu na kitovu cha kila gurudumu, pale linapofungwa kwenye ekseli. Chaki ikigusa upande mmoja tu, ekseli imepinda. Usipimie kwenye ukingo wa rimu, kwa kuwa rimu hupinda yenyewe hata kama ekseli iko sawa, na rimu ni kitu kidogo.

Swali: Fundi wangu anasema cheni za gari hili "zimelegea kidogo tu, tutakaza". Nitajuaje kama zinafaa?

Zipime. Cheni iliyolegea kwa sababu haijakazwa na cheni iliyorefuka kwa kulika zinafanana kwa macho, lakini tepu huzitofautisha. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa viungo, ambayo mara nyingi ni 50 au 60. Cheni namba 50 ina milimita 15.875 kutoka pini moja hadi nyingine, kwa hiyo hatua 20 ni milimita 317.5. Namba 60 ina milimita 19.05, na hatua 20 ni milimita 381. Vuta sehemu moja ya cheni ikaze, upime hatua 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Namba 50 ikifika 324, au namba 60 ikifika 388 na ushei, imerefuka kwa asilimia 2. Hiyo ni ya kubadilisha, si ya kukaza.

Chuma hakijavutika kama mpira. Kila pini imelika kidogo ndani ya bushi yake, na kidogo hicho mara viungo vyote kinakuwa kingi. Cheni iliyorefuka haikai tena chini ya meno ya spoketi. Hupanda juu ya meno, huyakwangua mpaka yapinde kama ndoana, kisha siku gari limebeba mzigo inaruka, na utasikia mlio wa kak-kak chini ya miguu. Meno yakishakuwa ndoana, cheni mpya haitadumu, hivyo vitu hivyo viwili hubadilishwa pamoja. Shika pia kila spoketi uitikise ikiwa juu ya shafti. Ikicheza, vijino vya ndani vimekwisha.

Angalia kama kuna mtu aliyepunguza urefu kwa kuunganisha nusu kiungo. Ni njia ya kuficha cheni iliyorefuka, na kiungo hicho ndicho dhaifu kuliko vyote. Angalia klipu ya kiungo cha kufungia: upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda gari likienda mbele, la sivyo klipu hung'oka ikigusa kitu. Vipande vya plastiki vinavyokandamiza cheni navyo vitazamwe. Vikiwa vimechimbika au havipo kabisa, cheni inachapa sakafu ya bodi.

Tunasisitiza cheni kwa sababu moja inayosahaulika. Katika mengi ya magari haya breki haziko kwenye magurudumu. Ziko kwenye giaboksi, na nguvu yake hufika kwenye magurudumu kupitia cheni. Cheni inayotoka giaboksi ikikatika, upande ule unapoteza mwendo, usukani (gari hugeuka kwa kuzuiwa upande mmoja) na breki kwa pamoja. Ukikanyaga au kuvuta breki ukiwa kwenye mteremko, gari linageukia upande uliobaki na breki. Anayekuambia "tutakaza" hafikirii mteremko.

Swali: Nililiendesha, likawa linavuta kushoto. Muuzaji anadai ni upepo tu wa matairi.

Huenda anasema kweli, na ni rahisi kuthibitisha. Magari haya kwa kawaida hayana springi, tairi ndiyo springi, na upepo wake ni mdogo sana: mara nyingi psi 2 hadi 3 tu, kama kitabu cha gari hakisemi vingine. Geji ya tairi za magari ya kawaida haiwezi kusoma kiwango hicho. Tafuta geji inayoishia psi 10.

Ila upepo ukiwa sawa haitoshi. Magurudumu matatu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni, yote yanazunguka kwa kasi moja. Chukua tairi ya inchi 22, ambayo mzunguko wake ni kama sentimita 175. Nyingine ya upande uleule ikiwa ndefu kwa sentimita 2, katika kila mita 100 tairi hizo zitatofautiana kwa zaidi ya mita 1. Tofauti hiyo lazima iishie mahali. Kwenye tope tairi itateleza, lakini kwenye ardhi ngumu itaivuta cheni na beringi. Kwa hiyo zungusha tepu katikati ya kila tairi, andika namba sita, kisha ongeza au punguza upepo mpaka zote zikaribiane ndani ya sentimita 1. Upande mzima wa kulia ukiwa mrefu kuliko wa kushoto, gari litavuta kushoto, kama ulivyoeleza.

Likiendelea kuvuta baada ya hapo, inua upande wa kushoto na uzungushe magurudumu kwa mkono, kisha ufanye hivyo kulia. Upande ulio mzito una breki inayoshika au beringi inayokufa. Baada ya kuliendesha dakika kumi, sogeza kiganja karibu na kila diski ya breki bila kuigusa. Ile yenye joto kali ndiyo inayoshika.

Jaribio la mwisho ni kukata kona kamili, kulia na kushoto, polepole, juu ya nyasi au udongo laini. Gari hugeuka kwa kuuzuia upande mmoja huku mwingine ukiendelea, kwa hiyo kona huonesha ugonjwa wa breki, giaboksi na cheni kwa mara moja. Kona za pande zote mbili zilingane kwa wepesi. Usifanye jaribio hili juu ya lami, kwa kuwa tairi zitang'ang'ania na mzigo wote utahamia kwenye ekseli na cheni za mtu mwingine, au zako ukishanunua.

Swali: Likiwa tupu linakwenda vizuri. Wakipanda watu wawili injini inalia na gari haliondoki, tena kuna harufu ya mpira. Giaboksi imekufa?

Anza na mkanda. Mwendo hutoka kwenye injini kupitia mkanda mpana wa mpira unaopita kwenye puli mbili zinazojipanua na kujibana zenyewe. Uzime injini, uutoe mkanda na kuutazama pande zote. Sehemu moja iliyokondeana na kung'aa ina maana mtu alishikilia mafuta huku gari limekwama. Upime upana wa juu na kuulinganisha na mkanda mpya. Ukipungua milimita 3, weka mpya. Nyuso za puli zisiwe na mifereji, na puli ya pili ufungue kwa mkono uone kama inarudi yenyewe bila kukwama. Maji yakirukia mkanda nao huteleza vivyo hivyo, lakini hukauka na kushika tena. Kama mkanda na puli ni vizima, hapo ndipo giaboksi ishukiwe.

Swali: Bodi ina ufa wa kiganja kimoja upande wa chini. Mwuzaji amepaka fibaglasi na anasema haivuji.

Itavuja. Bodi nyingi za magari haya ni plastiki ya polithini nzito, jamii ya plastiki ya madumu, na plastiki hiyo haishiki gundi wala fibaglasi. Kiraka kinakaa juu tu mpaka bodi ipinde kwenye jiwe, kisha kinabanduka kama gamba. Kwanza hakikisha ni plastiki gani: kwangua kipande kidogo sehemu isiyoonekana, ukitie majini. Polithini huelea na plastiki nyingine za bodi huzama. Baadhi ya magari ya zamani yana bodi za plastiki ngumu inayoshika gundi ya kuyeyusha, au za fibaglasi yenyewe, na hizo ni habari nyingine.

Ufa wa polithini huchomelewa. Toboa tundu la milimita 3 au 4 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, kata kingo zake ziwe kama herufi V, safisha vizuri, kisha uchomelee kwa hewa ya moto na kijiti cha polithini ileile. Plastiki ya bodi na kijiti vyote lazima vilainike kwa wakati mmoja. Kijiti kikiyeyuka juu ya bodi baridi, umepaka tu.

Kabla ya yote jiulize kwa nini bodi imepasuka hapo. Ufa wa mbele chini ni wa kugonga kisiki, wa kawaida. Ufa unaozunguka tundu la ekseli ni mbaya zaidi, kwa kuwa unatokana na beringi iliyolegea inayotikisa bodi kila gurudumu linapozunguka. Ukiuchomelea bila kurekebisha beringi, utafunguka tena.

Swali: Kuna Attex ya zamani kwa bei ndogo na Argo ya juzi kwa bei kubwa. Kwa mtu anayeanza, ipi?

Argo. Kampuni ya Kanada inayoyatengeneza, ya Ontario, ilianza kuyauza mwaka 1967 na jina hilo bado lipo sokoni, kwa hiyo bodi, ekseli na vipuri vya giaboksi vinaagizwa. Attex za Marekani, na nyingi za rika lake la miaka ya 1960 na 1970, zimeacha kutengenezwa zamani. Zinapendwa na wanaozifahamu, na si bure, maana ni nyepesi na za kufurahisha. Lakini mtu anayeanza atakaa na gari bovu akisubiri kipuri ambacho lazima kitoke kwenye gari jingine lililokufa.

Kitu cha kutia moyo ni kwamba cheni, beringi na sili (mipira inayozuia maji yasiingie kwenye beringi) kwa kawaida ni vya vipimo vya viwandani. Futa grisi, soma namba iliyogongwa kwenye beringi, upeleke namba hiyo duka la beringi badala ya kutaja jina la gari. Basi ukiamua kununua la zamani, yatazame zaidi yale yasiyo na mbadala: bodi, giaboksi, ekseli na puli za mkanda. Hayo yakiwa mazima, mengine yanapatikana.

Swali: Nitalitumia kuvukia mto uliopo kati yangu na shamba. Litaweza?

Inategemea kasi ya maji, tena hapa tunaomba usikilizwe kwa makini. Gari likielea halina nguvu nyingine ila tairi zinazopiga maji kama makafi madogo. Mwendo wake majini ni kama kilomita 4 kwa saa. Mto unaokwenda mita 1 kwa sekunde unakwenda kilomita 3.6 kwa saa. Ina maana mto wa mwendo wa mtu anayetembea taratibu unatosha kulichukua gari lako na kulishusha popote unapopenda mto wenyewe. Tupa kijiti majini, hesabu sekunde zake kwa mita 10. Kikipita kabla ya sekunde 20, usivuke kwa tairi peke yake. Magari haya yamefanywa kwa madimbwi, mabwawa na vinamasi, na huko hakuna kinachoyashinda kwa urahisi.

Mzigo wa majini ni mdogo kuliko wa nchi kavu. Gari la kubeba watu wanne ardhini huenda likaruhusiwa wawili tu majini. Kibandiko cha mtengenezaji ndicho kiamuzi, si muuzaji. Weka mzigo katikati na chini. Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea. Kizibo cha chini kifungwe kwa mkono wako mwenyewe, na pampu ya kutoa maji ijaribiwe kabla tairi hazijalowa.

Hatari nyingine huja wakati wa kutoka, si wakati wa kuelea. Tairi za mbele zikipanda ukingo mwinuko, nyuma huzama, maji yakaingia juu ya ukingo wa nyuma. Chagua mahali penye mteremko mdogo, utoke moja kwa moja bila kukata kona.

Swali: Ya magurudumu manane si bora zaidi?

Kwa mzigo mkubwa na tope refu, ndiyo. Kwa kununua la kwanza lililotumika, la sita linatosha: ni fupi, linageuka kwa wepesi, na lina nusu-ekseli mbili na beringi nne pungufu za kukagua.

Swali: Nimeshalinunua! Nianze na nini?

Hongera. Usiingie majini bado. Badilisha oili ya injini na ya giaboksi. Safisha mapezi ya kupozea injini, kwa kuwa imefungiwa ndani ya bodi na panya hupenda kujenga humo, na injini inayopozwa kwa hewa huungua upesi ikizibwa.

Halafu grisi ya beringi. Tumia bomba la mkono, sukuma polepole, na usimame unapohisi uzito. Ukilazimisha, grisi itaisukuma sili nje ya kiti chake, na tangu siku hiyo maji yataingia kupitia tundu ulilolifungua mwenyewe. Kinachotoka kikiwa cheupe na chepesi, maji yalikwisha kuingia. Endelea kidogo kidogo mpaka itoke grisi safi, kisha uipe beringi hiyo jicho la karibu. Cheni zipake oili nzito au dawa ya cheni, usizipake grisi, kwa sababu grisi hushika mchanga na kuwa msasa.

Mwisho, weka gari mahali tambarare, funga kizibo, mimina maji ndani ya bodi mpaka yaguse usawa wa ekseli, yasifike kwenye giaboksi wala nyaya. Zunguka nje ukiwa na chaki na uweke alama kila tone linapotokea. Fungulia maji, kausha, paka cheni oili tena, kisha rekebisha alama moja baada ya nyingine. Ndipo ulipeleke bwawani, mahali ambapo maji hayapiti magoti, dakika kumi tu, na ufungue sakafu papo hapo ukingoni.